Kutunza kumbukumbu za kundi la Hatua 12 bila kumwanika mtu: mwongozo kamili kwa makundi ya Moshi na Arusha

Makundi mengi ya Hatua 12, ya watu wanaosaidiana kuacha pombe au uraibu mwingine, hayana ofisi. Yana ukumbi wa kuazima, kapu la michango, vitabu vichache vya kusoma kwenye vikao na daftari la mihtasari linalohama kutoka begi moja kwenda jingine. Katibu akipata uhamisho wa Dodoma, daftari linaondoka naye. Mtunza hazina akifariki, bahasha za risiti zinabaki kabatini, mikononi mwa ndugu ambao pengine hawakuwahi kujua marehemu alikuwa anakwenda wapi kila Jumatano jioni. Miaka inapita, kundi linataka kuadhimisha siku lilipoanza, na hakuna anayeweza kuitaja kwa hakika.

Makundi machanga hayako peke yao katika hili. Ushirika wa Alcoholics Anonymous (AA), ulioanzisha Hatua 12, duniani kote unahesabu umri wake kuanzia 10 Juni 1935, siku ambayo Dr. Bob, mmoja wa waanzilishi wake wawili na daktari wa upasuaji wa Akron, Ohio, nchini Marekani, inasemekana alikunywa bia yake ya mwisho. Siku chache kabla ya bia hiyo ya mwisho alikuwa amekwenda Atlantic City kwenye mkutano wa madaktari, akalewa huko na kurudi nyumbani hoi. Waliokuja kutafuta karatasi za mkutano ule walikuta kwamba ulianza hiyohiyo 10 Juni, na ndiyo sababu watafiti wengi wa historia ya ushirika sasa wanaiweka siku yenyewe karibu na 17 Juni. Maadhimisho yamebaki palepale. Lakini angalieni kilichosahihisha kumbukumbu za watu waliokuwepo: tarehe za mkutano wa madaktari, aina ya karatasi ambayo wengi wetu tungeitupa.

Makao ya ushirika huo New York yalifungua rasmi chumba chake cha kumbukumbu mwaka 1975, chini ya Nell Wing, aliyekuwa katibu wa Bill W., mwanzilishi mwenzake Dr. Bob, kwa miaka mingi. Dr. Bob alikuwa amefariki mwaka 1950 na Bill mwenyewe Januari 1971. Kundi lenu lisisubiri mpaka wazee wake waondoke.

Ninachokisisitiza katika mwongozo huu wote ni kimoja. Karatasi ni mali ya kundi, lakini jina la mwanachama ni mali yake mwenyewe, hata akishakuwa marehemu. Mtunza kumbukumbu akiokoa kila daftari kisha mama mmoja akajulikana mtaani kwamba alikuwa mlevi, kazi yake imeharibika. Kila hatua hapa chini imepangwa kwa kuangalia hilo kwanza.

Anzeni na uamuzi wa kundi

Msianze na boksi. Anzeni na kikao cha kazi. Kundi likubaliane kwamba linataka kutunza historia yake, nani atakuwa mtunza kumbukumbu, nani msaidizi wake, vitu vitakaa wapi, na nani ataruhusiwa kuviona. Yaandikeni hayo kwenye ukurasa mmoja wenye tarehe. Ukurasa huo ndio utakuwa karatasi ya kwanza kwenye kumbukumbu zenu.

Nafasi nyingine za utumishi huzunguka kila mwaka au miwili, na ni vizuri zizunguke. Hii ya kumbukumbu naona ikae mikononi mwa mtu mmoja kwa muda mrefu zaidi, tuseme miaka minne, kwa sababu mwaka wa kwanza wote unaisha kwa kujua tu kilichopo. Cha muhimu awe na msaidizi tangu siku ya kwanza, na funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Mtafuteni mtu aliyekaa kwenye nafuu kwa muda, mwenye mwandiko unaosomeka, na zaidi ya yote mwenye kifua. Mtu anayependa kusimulia ya wengine msimpe kazi hii, hata awe na bidii kiasi gani.

Kuhusu fedha, Mila ya 7, moja ya kanuni 12 zinazoongoza makundi ya ushirika, inatosha kuwaongoza: kundi linajitegemea kwa michango ya wanachama wake. Mkipewa kabati la bure na shirika au na nyumba ya upataji nafuu, kesho wataomba picha za kuweka kwenye ripoti yao. Ukumbi mnaoazima kwa parokia au msikiti mshukuruni wenyewe kwa dhati na kulipa mnachokubaliana, lakini karatasi za kundi zisichanganywe na za ofisi yao wala zisifungiwe mahali ambapo mhudumu wa ofisi ana ufunguo.

Kukusanya kilichotawanyika

Kwa Moshi mwezi wa kufanya kazi hii ni Desemba. Watu wa Dar, Mwanza na Nairobi wanapanda nyumbani, wazee wako kihambani, na nyumba za zamani zinafunguliwa na kufagiliwa. Wanachama wa zamani waliohama mtawapata mwezi huo kuliko miezi mingine yote kumi na moja. Desemba pia ndiyo wakati mbege, pombe ya ndizi, inapozunguka kila boma na kila arusi, kwa hiyo wanaokwenda kukusanya waende wawiliwawili, asubuhi, na wasipange ziara yoyote jioni.

Tafuteni mihtasari ya vikao vya kazi, madaftari ya hazina, barua za kuomba ukumbi na majibu yake, ratiba za vikao, vipeperushi, rasimu za tafsiri za Kiswahili mlizokuwa mkisomea kwenye vikao, barua kutoka makao ya ushirika nje ya nchi, picha, kaseti, medali na sarafu za maadhimisho. Msidharau vitu vidogo. Risiti ya ukumbi yenye tarehe inaweza kuwa ushahidi pekee wa mwaka mlioanza kukutana Majengo au Kijenge. Risiti za mashine ya EFD zitoeni kivuli mara moja, maana karatasi yake hupauka na baada ya miaka michache inabaki nyeupe.

Pagumu ni kwenye nyumba ya marehemu ambaye familia yake haikujua. Hapo lugha ndiyo inayolinda. Mtu anaingia, anatoa shikamoo na pole, kisha anasema: “Mama, marehemu alikuwa anatutunzia daftari la kikundi chetu. Tulikuwa tunaomba, kama mmeliona kwenye vitu vyake, mtusaidie.” Basi. Huku kwetu kila mtu ana kikundi: cha kuweka na kukopa, cha kwaya, cha kuzikana. Hakuna atakayeshangaa, na wala hamjasema uongo. Mkiulizwa ni kikundi gani, jibuni kwamba ni cha kusaidiana, na muishie hapo.

Anayewapa kitu mwandikieni hati ya makabidhiano yenye mistari mitatu au minne: kitu gani, kimetoka kwa nani, amekitoa moja kwa moja au amekiazima kinakiliwe, na kama kuna sharti lolote. Pande zote ziweke sahihi. Miaka ikipita, mtoto wa marehemu anaweza kuja kudai daftari la baba yake, na hati hiyo itaondoa ugomvi.

Kuna kitu kimoja hakipaswi kuingia kwenye kumbukumbu kabisa, nacho ni maandishi ya Hatua ya 4. Mtu akifariki, mara nyingi ndani ya begi lilelile la mihtasari mnakuta daftari jingine alimoandika hesabu ya maisha yake: makosa, hasira, watu aliowaumiza. Ukigundua ni hilo, lifunge hapohapo. Usisome ukurasa wa pili. Kama mwenyewe yu hai, arudishiwe mkononi. Kama amefariki, watu wawili, ikiwezekana mmoja wao awe sponsa wake, yaani mwanachama mzoefu aliyekuwa akimwongoza, waliharibu siku hiyohiyo.

Kuharibu nako kuna namna yake. Msitupe kwenye jalala wala msiuze kwa kilo pamoja na magazeti. Karatasi za kuuzwa kwa kilo huishia sokoni, na siku moja maungamo ya mtu yatafungiwa karanga stendi. Moto wa uani nao hupeperusha kurasa zilizoungua nusu. Chaneni vipande vidogo, loweka kwenye ndoo usiku kucha, vurugeni mpaka iwe uji, ndipo mwage shimoni.

Majina, koo na vijiji

Desturi ya ushirika ni jina la kwanza na herufi moja ya jina la ukoo. Kwenye jiji kubwa hiyo inafanya kazi. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro ukoo na kijiji vinakwenda pamoja, kazi ya mtu inajulikana, na hata mgeni huulizwa kwanza anatoka kwa nani. Herufi moja haimfichi mtu.

Tuseme ukurasa wa daftari la zamani unasomeka hivi: “Mary S. hakufika, yuko KCMC tangu Jumapili. Mangi wa duka la vipuri Mbuyuni ameanguka tena baada ya arusi ya mdogo wake. Michango 14,500.” Mstari wa fedha hauna shida. Mstari wa Mary unataja jina na hospitali, kwa hiyo yeyote anauona kuwa ni siri. Mstari wa pili hauna jina hata moja, na ndio unaomwanika mtu zaidi, kwa sababu mfanyabiashara wa Mbuyuni akiusoma atamjua mhusika kabla hajamaliza sentensi. Mtunza kumbukumbu ajifunze kusoma hivyo: atafute kazi, mtaa, hospitali, msiba, arusi na ugomvi wa familia, kwa sababu majina ni sehemu tu ya yanayomtambulisha mtu.

Ukishaviona, usifute chochote kwenye karatasi halisi. Daftari la awali linabaki kama lilivyo, linaingia kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa sahihi juu ya mkunjo. Kwa ajili ya kusomwa toa kivuli, paka wino mweusi kwenye kivuli hicho, kisha kitolee kivuli tena, na hicho cha pili ndicho watu wakione. Kupaka rangi nyeusi kwenye simu si salama. Zile kalamu za kuchorea picha mara nyingi huacha maandishi yakionekana ukiongeza mwanga, na kisanduku cheusi kwenye faili la PDF kinaweza kuondolewa.

Madaftari ya mahudhurio yanahitaji uamuzi wa peke yake. Ushirika hauyahitaji, ila makundi ya kwetu mengi yaliyarithi kutoka kwenye desturi ya vikundi vingine, ambako kusaini ni kawaida, na mengine yana hata namba za simu. Mwandishi wa historia atasema yatunzwe. Mimi nasema andikeni upya idadi ya waliohudhuria kwa kila tarehe, mtunze orodha hiyo ya idadi, kisha madaftari yenyewe yaharibiwe mbele ya mashahidi wawili kwa uamuzi wa kikao. Na kuanzia leo msiandikishe tena mahudhurio.

Sheria ya nchi nayo inaelekea hukohuko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na kuzikusanya au kuzitoa bila ridhaa ya mwenyewe ni jambo zito. Kwamba mtu ni mraibu aliyepata nafuu ni taarifa ya afya yake.

Kupanga na kuorodhesha

Kishawishi cha kwanza cha mtu nadhifu ni kumwaga kila kitu mezani na kupanga upya kwa mada. Jizuie. Vitu vilivyotoka kwa katibu mmoja vikae pamoja, kwa mpangilio aliouacha, kwa sababu mpangilio wenyewe unasema kitu: barua iliyobanwa katikati ya mihtasari ya Machi imewekwa hapo kwa sababu. Ukiitoa, hakuna atakayejua ilijibu nini.

Kwenye orodha, si kwenye karatasi zenyewe, tumia makundi makubwa machache tu: mihtasari, hazina, barua, machapisho, picha, sauti. Ndani yake kila kitu kipewe namba kwa penseli laini, nyuma, pembeni chini. Kamwe usitumie kalamu ya wino wala stika. Kisha daftari la orodha liwe na mistari kama hii: “B-07. Barua ya kuomba ukumbi, ukurasa 1, mkono, wino wa bluu, imechanika kona ya juu kulia. Imetoka kwa katibu wa pili. Hali: wazi.” Neno la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote. Kila kitu kiwe ama wazi, ama cha wanachama tu, ama kimefungwa mpaka tarehe fulani. Katika orodha hiyo waliotoa vitu wasitajwe kwa majina. Tumia cheo walichokuwa nacho, au namba. Majina yenyewe yakae kwenye hati za makabidhiano, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Kitu kisicho na tarehe kipe tarehe ya makisio kwa penseli, ndani ya mabano ya mraba, na useme umeikisia kwa nini. Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka matukio. Ukiuliza kama kikao kile kilikuwa kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, kabla au baada ya viroba kupigwa marufuku 1 Machi 2017, au wakati wa korona, jibu litakuja haraka. Marufuku ya viroba hasa ni alama nzuri, kwa sababu kwa wanachama wetu wengi ile pakiti ndogo ilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Tranka, mvua na mchwa

Maboksi maalumu yasiyo na asidi hayapatikani kirahisi madukani kwetu, na yakiagizwa nje ni ghali. Kwa kundi la kawaida nashauri tranka la bati, lile la mwanafunzi wa bweni. Panya haliingii, mchwa hauli bati, mende wanapata shida, na linafungwa kwa kufuli. Kasoro yake ni moja: bati hutoa jasho. Usiku ukipoa, unyevu uliomo ndani unageuka matone kwenye mfuniko na kudondokea karatasi. Kwa hiyo tandika ndani kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila blichi, weka karatasi ndani ya mafaili na maboksi kabla ya kuingia trankani, tupa pakiti kadhaa za kufyonza unyevu, na usilijaze likabana.

Liwekeni juu ya matofali au mbao, sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, na lisiguse ukuta. Mchwa hupanda kwa ukuta, na kijia chake cha udongo mtakiona mapema kama kuna nafasi ya kuchungulia. Chumba kiwe cha ndani ya nyumba, kisichopakana na bafu wala jiko. Dari la nyumba ya zamani halifai hata kidogo, maana mchana bati la juu linachoma na usiku linapoa, na karatasi huharibiwa zaidi na kupandashuka kuliko na joto la kawaida lisilobadilika. Moshi mjini joto la Januari na Februari na vumbi lake ndiyo shida, wakati Arusha, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, unyevu na baridi ya Juni na Julai hukaa chumbani. Kotekote masika ya Machi hadi Mei ndiyo mtihani.

Kabla ya kuweka chochote, ondoeni pini zenye kutu, klipu, raba za kufungia na seloteipu inayotoka yenyewe. Iliyoshika iacheni. Msiweke lamineti kwenye karatasi yoyote ya thamani, kwa sababu lamineti ni joto na gundi na haiondoki tena. Magazeti yakae peke yake, maana asidi yake hupaka rangi ya kahawia kwenye karatasi jirani, na bahasha za kaki zina kasoro hiyohiyo. Naftalini msitumie, si nzuri kwa karatasi wala kwa mapafu ya atakayefungua.

Mkikuta wadudu kwenye daftari, lifungeni kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa na kuliweka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Likitoka, liacheni ndani ya mfuko siku nzima mpaka lipate joto la chumba, vinginevyo litalowa. Mkikuta ukungu, litengeni kwanza, likaushwe kivulini kwenye upepo, kisha mtu aliyevaa barakoa alipige brashi laini nje ya nyumba. Jua kali linaua maandishi pamoja na ukungu.

Paa likivuja, saa 48 za kwanza ndizo zinazoamua, kwa sababu baada ya hapo ukungu huanza. Usijaribu kutenganisha kurasa zilizolowa chapachapa. Chomeka karatasi nyeupe zisizoandikwa kila baada ya kurasa chache, hata za chooni, badilisha zikilowa, elekeza feni ukutani ili hewa izunguke. Madaftari yakiwa mengi kuliko mikono, yafungeni na kuyaweka kwenye friza kwanza. Mtakausha moja moja baadaye.

Picha na kaseti

Zile albamu za miaka ya nyuma zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunua zinaziua picha polepole. Zitoeni. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya kona ya picha, kisha uvute taratibu kulia na kushoto kama unakata ugali kwa uzi, mkono mwingine umeishika picha isipinde. Ikigoma kabisa, piga picha ukurasa wote na uiache palepale. Shika picha kwa ukingo, mikono mikavu iliyonawa, au vaa glavu za pamba. Kwa karatasi za kawaida mikono safi ni bora kuliko glavu, maana glavu hukamata na kuchana kurasa dhaifu.

Picha zenye nyuso za wanachama zihesabiwe kuwa zimefungwa, zote, mpaka mwenye uso aseme vingine kwa maandishi. Mila ya 11 inazungumzia kutojitambulisha kwenye magazeti, redio na sinema, lakini kwa ukweli wa leo status moja ya WhatsApp inafika mbali kuliko gazeti.

Kaseti zisimamishwe wima, mbali na spika na sumaku. Kabla ya kuicheza yoyote, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo juu yake ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kuihamishia kwenye kompyuta kunachukua muda uleule wa kuisikiliza: kaseti ya dakika 60 ni saa nzima, upande kwa upande. Hifadhi kwa WAV, usihifadhi kwa MP3, ambayo hupunguza ubora wa sauti ili kuokoa nafasi. Kazi hiyo aifanye mwanachama, kwa vipokea sauti masikioni, mlango umefungwa.

Nakala za kidijitali

Steshenari za mjini hutoza bei nafuu kwa kuskani, na mimi nasema msipeleke hata ukurasa mmoja. Faili linabaki kwenye kompyuta ya pale, au linapitia WhatsApp ya kijana wa dukani kabla ya kufika kwako. Nunueni skana ndogo kwa fedha za kapu, au tumieni simu nzuri karibu na dirisha lenye kivuli, kamera ikitazama chini sawasawa. Kama ni simu, zima kwanza uhifadhi wa kiotomatiki wa picha mtandaoni. Akaunti nyingi za hapa zinatumiwa na familia nzima, na mtoto ataona daftari la vikao kwenye tableti yake.

Nyaraka ziwe dpi (kipimo cha ukali wa nakala) 300 kwenda juu, picha 600. Nakala mama ihifadhiwe kwa TIFF, ya kusomea kwa PDF. Majina ya mafaili yaanze na tarehe, mwaka mbele: 2009-03-14_muhtasari_kikao_cha_kazi. Jina la mtu lisiwe kwenye jina la faili kamwe. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mji mwingine. Hapo ndipo Moshi na Arusha wanaweza kusaidiana, maana ni kilomita kama 80 tu: kundi la Moshi litunze diski ya kundi la Arusha, na la Arusha litunze ya Moshi, kila moja ikiwa imefungwa kwa nywila ambayo mwenyeji haijui. VeraCrypt ni programu ya bure inayofanya kazi hiyo vizuri. Nywila iandikwe na kufungwa kwenye bahasha kwa msaidizi. Bila hivyo mtunza akifariki, kumbukumbu zimefariki naye.

Vitabu vya ushirika msivinakili vizima na kuvisambaza. Haki za vingi, pamoja na za tafsiri, ni za wachapishaji wa ushirika wenyewe. Rasimu zenu za tafsiri tunzeni kama historia, ndani ya tranka.

Masimulizi ya wazee

Karatasi haziwezi kueleza kikao cha kwanza kilikuwaje. Mrekodini mzee angali na nguvu, kwake, asubuhi, jogoo na watoto wakiwa mbali kidogo. Kabla ya kubonyeza kitufe, msomee ridhaa: nani atasikiliza, lini, na kwamba anaweza kubadili mawazo na rekodi mtaifuta. Akiona Kichaga kinamtoka vizuri zaidi, aachwe aseme Kichaga.

Msimwulize alikunywaje. Hiyo ataisema kwenye kikao akitaka. Ulizeni habari za kundi. Mlikaa wapi siku ya kwanza? Nani aliwapa ukumbi, na mlimwambia ni kikao cha nini? Mlisoma kitabu gani, kwa lugha gani? Kapu la kwanza lilipatikana kiasi gani? Mama wa kwanza kuingia alikuja lini, na nini kilibadilika? Nani alitafsiri, na mlibishana juu ya maneno gani? Akimtaja mtu mwingine kwa jina, mwache aendelee, andika dakika, na sehemu hiyo mtaikata kwenye nakala ya kusikilizwa. Akitaja kosa la jinai, lake au la mwingine, zima rekodi na mwulize kama anataka libaki.

Nani aone nini

Arusha, pale Lakilaki, Umoja wa Mataifa unatunza kumbukumbu za mahakama yake ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa 2015, pamoja na ushahidi wa watu ambao majina yao yanalindwa mpaka leo. Kama ushahidi mzito namna ile unaweza kutunzwa na siri ikabaki, daftari letu la kundi linaweza pia.

Mwanachama yeyote asome vilivyo wazi, mezani, mtunza akiwepo, bila kupiga picha. Vilivyofungwa vifunguliwe kwa uamuzi wa kikao, kwa sababu iliyoandikwa. Mtafiti wa chuo, mwandishi wa habari au mchungaji apewe takwimu na nakala zilizofichwa majina, basi. Ndugu wa mwanachama akiuliza kama fulani alikuwa mmoja wenu, jibu ni lilelile kwa kila mtu, awe alikuwemo au la: hatutoi habari za mtu yeyote. Ukimjibu mmoja kwamba hakuwemo, siku utakayokataa kumjibu mwingine umeshajibu.

Mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Juni baada yake, mtunza na msaidizi wafungue tranka pamoja. Wahesabu vitu kwa orodha, wanuse kama kuna ukungu, wabadilishe pakiti za unyevu, wakague miguu ya tranka kutafuta udongo wa mchwa, wafungue mafaili machache kwenye kila diski kuona kama yanasomeka, kisha waandike tarehe na sahihi kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la orodha. Mtunza akimaliza muda wake, makabidhiano yafanyike kwa ukaguzi huohuo, kitu kwa kitu, akiwepo mtu wa tatu. Siku hiyohiyo kufuli libadilishwe na nywila ziwekwe mpya, na simu ya mtunza anayeondoka ifutwe kila faili la kundi kabla hajainuka mezani.